Kifuu cha Kuhesabia Mwezi

Mmeniomba niwaandikie namna ya kuongoza wageni Mikindani na pwani yote ya huku hadi mdomo wa Ruvuma. Nimekubali upesi kabla hamjabadili mawazo. Ila nawaonya mapema kwamba sijui kueleza mambo kwa mpangilio. Ndivyo nilivyokuwa nikiwafanyia hata wageni: tunatazama mlango wa nakshi, anapita kuku, kuku ananikumbusha ndege wa kwenye mikoko, basi mlango tumeshauacha na tunaongelea ndege. Hakuna mgeni aliyewahi kulalamika, au labda walilalamika kwa lugha nisiyoijua.

Jina langu ni Felista. Ni Mmatengo wa Mbinga, mtu wa milimani kabisa, na sijui kuogelea mpaka leo. Msicheke. Miaka yote ya tisini na ile ya elfu mbili nimepeleka watu kwenye miamba na mafungu ya mchanga, na maji yakinifika kiunoni bado nasali Salamu Maria. Baba yangu alikuwa karani bandarini Mtwara. Alipostaafu alirudi nyumbani na mama na wadogo zangu, mimi nikabaki kwenye chumba cha kupanga pale Chuno, na Kiingereza changu cha sekondari, bila kazi.

Kazi alinipa Bwana Gulam. Alikuwa na duka la vitambaa Mikindani, na juu ya duka vyumba vinne vya wageni vinavyotazama ghuba. Nilikwenda kununua kitambaa cha sketi, akanisikia nikimwelekeza mzungu mmoja njia ya kwenda Boma, ile ngome ya Wajerumani.

“Binti,” akaniambia, “wageni wangu wanakunywa chai, wanatazama bahari, halafu wananiuliza sasa wafanye nini. Mimi nauza vitambaa, nitawajibu nini? Kesho njoo, nenda nao.”

“Niende nao wapi?”

“Popote. Ila warudi kula chakula cha jioni, mke wangu anapika.”

Mafunzo yangu ya kazi yaliishia hapo. Nyinyi siku hizi mna vyeti, fulana na kofia za kufanana. Nawaonea wivu kwenye kofia tu.

Wiki ya kwanza niliongoza watu katika mji nisioujua. Mikindani mnaiona ilivyo: ghuba ya mviringo yenye mlango mwembamba, maji yametulia ndani yake, na nyuma yake nyumba za mawe ya matumbawe, nyingine nzima na nyingine zimebaki kuta zilizokumbatiwa na mizizi. Kila ukuta mgeni anauliza ulikuwa wa nini, na mimi niliona aibu kusema sijui. Basi nikawa najibu. Huu ulikuwa wa tajiri wa pembe, ule wa nahodha. Siku moja, mbele ya wageni wanne na kamera zao, nilisimama kwenye kijichumba cha mawe chenye kuta nene na tundu moja dogo, nikasema kwamba humu alifungwa mtoto wa sultani kwa kosa la kumpenda binti wa adui. Niliisema vizuri sana. Mama mmoja wa kizungu alifuta machozi.

Dirisha la nyumba ya jirani likafunguka, akachungulia mwanamke wa makamo aliyejitanda kanga ya njano.

“Wee mwana, unawaambia nini hao?”

“Shikamoo, bibi. Nawaeleza habari za gereza.”

“Marahaba. Gereza gani? Hicho choo cha babu yangu.”

Wageni wakataka nitafsiri. Nilifikiria kudanganya tena, lakini yule bibi alikuwa ameshatoka nje na anakionyesha choo kwa kidole, na kwa ishara alizofanya hawakuhitaji mkalimani. Walicheka hadi wakakaa chini. Kisha Bi Somoe, maana ndilo jina la huyo bibi, akanilazimisha nitafsiri habari yenyewe: babu yake alijenga choo cha mawe na chokaa kabla hajamaliza nyumba, kwa sababu mchumba wake alikuwa amesema haingii kwenye nyumba isiyo na choo cha kueleweka. Wageni wakapiga picha nyingi za choo kuliko walizopiga za gereza. Nawaambieni, miaka yote iliyofuata sikupata kisa kilichopendwa kama kile, nami nilikuwa nimekifukia chini ya mtoto wa sultani.

Toka siku hiyo nikiulizwa jambo nisilolijua nasema, “Sijui, tumuulize mwenyewe.” Tunabisha hodi. Mgeni anakaribishwa barazani, anapewa ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, na chai ya rangi, anakaa saa nzima. Anarudi kwao akisema ameiona Mikindani, na kweli ameiona.

Bi Somoe ndiye aliyenifundisha bahari. Alikuwa mchokoaji wa pweza. Maji yakikupwa anashuka kwenye mwamba na kijiti chake chenye ncha ya chuma, anatembea akitazama mashimo, mahali mnapoona jiwe yeye anaona jicho. Alinifundisha kutembea bila kunyanyua mguu juu, kukwepa wale wadudu wa miiba myeusi, kumpa mgeni viatu hata akidai amezoea kwenda peku. Hasa alinifundisha saa ya kurudi.

Dirishani kwake palikuwa na kifuu cha nazi. Mwezi mpya ukionekana kwa macho, anakimwaga. Kesho yake asubuhi anatia simbi moja, ganda dogo la baharini, kesho kutwa ya pili, na kuendelea. Ukitaka kujua mwezi ni wa ngapi unahesabu simbi, na ukijua mwezi ni wa ngapi umejua maji. Mwezi mosi yanafika mwisho wa kukupwa kama saa tano asubuhi. Mwezi pili saa sita kasoro robo. Mwezi tatu saa sita na nusu. Kila siku yanachelewa robo tatu ya saa, hivyo hivyo, na siku za mwanzo wa mwezi ni bamvua, maji yanakwenda mbali sana na yanarudi kwa haraka. Nilikariri yote katika wiki mbili nikajiona nimehitimu.

Sasa nije kwa mama yangu.

Mama alikuja mwishoni mwa masika, kama wiki mbili baada ya Pasaka. Barabara ya Tunduru enzi hizo nyinyi mnaisikia tu. Alitumia siku nne njiani, na moja kati ya hizo nne aliimaliza kwenye tope akisukuma basi pamoja na abiria wenzake. Alishuka Mtwara na kapu la maharage, kuku mmoja hai na barua. Barua ilitoka parokiani kwetu. Shule yao ilikuwa inatafuta mpiga chapa, na nafasi ilikuwa yangu kama ningerudi kabla ya mwisho wa mwezi.

“Felista,” akasema, hata maji ya kuoga hajayagusa, “majirani wananiuliza binti yako anafanya kazi gani. Nawaambia yuko bandarini. Uongo huo nimeshauungama mara mbili.”

“Mama, si ungewaambia ukweli?”

“Ukweli upi? Kwamba mwanangu anazurura ufukweni na watu asiowajua?”

Nilimwomba asinihukumu kabla hajaona. Akafikiri, akaniambia hivi: “Leo Alhamisi. Nionyeshe hiyo kazi hadi Jumamosi. Nikiona ni kazi, nitanyamaza na barua hii nitaichana. Nikiona ni kuzurura, Jumatatu tunapanda basi wote wawili.” Na mama yangu akisema Jumatatu, ni Jumatatu. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa naipenda kazi yangu, wanangu. Sikuwa nimejua kuwa naipenda kiasi kile hadi nilipoona inaweza kuondoka kwenye basi la Jumatatu.

Alhamisi hiyo hiyo, kabla jua halijazama, nilimpitisha Mikindani. Nilimwonyesha milango, vibaraza vya juu, njia ya kupanda Boma ambako ukigeuka unaiona ghuba yote chini yako. Mama alitazama, akashika ukuta, akauparura kwa ukucha.

“Hizi nyumba bovu ndizo watu wanapanda ndege kuja kuziona?”

“Ndizo, mama.”

“Sisi tunazo tele Mbinga, mbona hawaji?”

Siku ya pili, Ijumaa, Bi Somoe akatuchukua mwambani. Mama alifika pale maji yanapoanza, akavua viatu, akaingiza dole gumba, akalitoa. Alikaa kwenye jiwe saa mbili akitutolea macho kama tuliopagawa. Bi Somoe alipomletea pweza mkononi, mama alisimama akajiombea kwa sauti. Jioni alimla, hilo nalo niseme, tena akaomba aongezwe mchuzi. Wale wazee wawili walielewana vizuri, wakiitana “mwenzangu” hadi usiku. Lakini barua ilibaki kwenye kapu.

Ikabaki Jumamosi, na tegemeo langu lote likawa Msimbati.

Bwana Gulam alikuwa na wageni wawili, mume na mke, watu wazima, waliotaka kuona kiboko baharini. Ndiyo, baharini. Viboko wa Ruvuma mara nyingine hutoka mdomoni mwa mto wakaja hadi kwenye mawimbi, na mtu aliyekuja kutoka mbali akisikia hivyo halali. Bwana Gulam akatoa Land Rover yake kuukuu pamoja na dereva, jamaa mmoja anaitwa Nantanga, akaruhusu na mama aende. Mpango ulikuwa tutoke mapema, tupite Madimba hadi Msimbati, kisha tufuate mchanga kuelekea upande wa mto. Njiani kuna kijito kinachotoka kwenye mikoko. Maji yakikupwa unakivuka na gari hata magurudumu hayalowi vizuri. Yakijaa, hupiti.

Kwa hiyo kila kitu kilitegemea mwezi ni wa ngapi.

Asubuhi ile nilipita kwa Bi Somoe kuaga. Kifuu kilikuwa na simbi mbili. Mwezi pili, maji mwisho wa kukupwa saa sita kasoro robo. Kwa hesabu hiyo tungefika mdomoni mwa mto na kugeuza palepale bila kumsubiri kiboko. Lakini dukani kwa Bwana Gulam palikuwa na kalenda ya ukutani, ile yenye tarehe za Kiislamu pembeni, nami nilikuwa nimeiangalia. Kalenda ilisema mwezi tatu. Mwezi tatu unanipa robo tatu ya saa zaidi, na robo tatu ya saa inanitosha kiboko atokee na mama acheke.

“Bi Somoe,” nikasema, “leo mwezi tatu.”

“Kifuu kina mbili.”

“Jumatano kulikuwa na wingu, ndiyo maana hatukuuona. Kalenda inasema tatu.”

“Mwanangu, kalenda imeuona wapi?”

“Bibi, kalenda imechapwa kiwandani!”

Nilisema hivyo mbele ya mama yangu, kwa kicheko, ili aone kwamba binti yake ni msomi. Bi Somoe aliingia ndani. Aliturudia tu na mkate wa kumimina uliofungwa kwenye jani la mgomba, tule njiani. Mpaka leo nikila mkate wa kumimina naona haya.

Msimbati jinsi ilivyo sitawaeleza sana, maana kuna vitu ukivieleza unavipunguza. Mchanga mweupe unanyooka hadi macho yanachoka, mivinje inavuma juu, na maji yana rangi tatu. Mama alishuka garini akasimama. Nikaona anavua viatu bila kuambiwa. Tukaendelea taratibu kwa kufuata mchanga mgumu, tukavuka kijito kikiwa kama mstari tu wa maji, na saa sita tulikuwa tunautazama mto Ruvuma unavyoingia baharini, maji ya udongo yakisukumana na maji ya buluu bila kuchanganyika. Nilimweleza mama kwamba udongo ule mwingine umetoka kwetu, kwamba mvua ya milima ya Umatengo inaishia hapa. Hilo lilimgusa. Akachota maji ya rangi ya chai kwenye kiganja, akayatazama.

“Haya ya kwetu yanafika mpaka huku?”

“Mpaka huku, mama.”

“Basi yamenitangulia, maana mimi nilikwama Tunduru.”

Ukingoni pale niliona mchanga uliokuwa mkavu umeanza kulowa. Niliuona, nawaambieni kweli. Nikajisemea hilo ni wimbi tu.

Tukasubiri. Saa saba ikapita. Halafu Nantanga akanong'ona, “Dada, kule.” Kwenye povu la mawimbi, mbali kidogo, palitokea masikio mawili, kisha pua, kisha mgongo mzima unaong'aa. Wimbi likamfunika, akaibuka akitikisa masikio, wimbi jingine likamfunika tena. Wageni wakashikana mikono. Mama akauliza kwa sauti kubwa, “Hilo linafanya nini huko? Linaoga?” Likaja wimbi kubwa likamsukuma kiboko akageuka ubavu, akafungua kinywa kile chote kama anagombeza bahari, na mama yangu akaanza kucheka. Alicheka akashika mbavu, akamshika mama wa kizungu begani, wakacheka pamoja bila lugha. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu niko mdogo.

Ningewezaje kumwambia twende? Nikatazama saa: saa saba na nusu. Kwa kalenda, bado tulikuwa na nafasi. Nikamwacha acheke.

Tulipofika kijitoni, kijito hakikuwapo. Palikuwa na bahari. Imeingia hadi kwenye mikoko, na inaendelea kuingia. Nantanga akanitazama kwenye kioo.

“Dada Felista, ulisema mwezi wa ngapi?”

“Pita, pita upesi, bado ni padogo.”

Akapita. Magurudumu ya mbele yakapanda upande wa pili, ya nyuma yakazama. Akakanyaga mafuta, yakazama zaidi. Akakanyaga tena, mchanga na maji vikaruka hadi dirishani. Wageni walishuka, mimi nikashuka, maji yakanifika chini ya magoti, na nikaanza Salamu Maria. Nilikuwa nimewapeleka watu wa watu mahali ambapo bahari inapanda, na gari la mtu, na mama yangu mzazi. Kichwani niliona basi la Jumatatu.

“Nangu simo,” Nantanga akasema, yaani yeye hayumo katika kosa hilo, huku akikanyaga tena.

“Zima!”

Ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa amesimama majini, yule yule aliyetoa dole gumba jana, kanga ameifunga kiunoni mara mbili.

“Zima hilo gari, mwanangu. Unalizika.”

“Mama, nnalitoa sasa hivi…”

“Nimekwambia zima. Siku nne nimesafiri na dereva kama wewe.”

Nantanga akazima. Na hapo, wanangu, mtu wa milimani akachukua kazi yangu mikononi. Alimtuma Nantanga akavute makuti makavu yaliyokuwa chini ya minazi kule juu. Akamwagiza mzee wa kizungu, kwa Kimatengo kabisa, achimbe mchanga mbele ya magurudumu ya nyuma kwa sufuria yetu ya chakula, na mzee akachimba, maana mama alipokuwa akikuonyesha jambo kwa mkono hukuhitaji kuulizwa mara mbili. Mimi na yule mama mwingine tukavunja matawi ya mivinje. Tukayapanga chini ya magurudumu, makuti kwanza, matawi juu yake, tukayakanyaga kwa miguu. Kisha akatupanga na sisi.

“Nyuma asikae mtu, gari likirudi litawavunja. Pembeni, wawili huku, wawili huku. Wewe dereva, polepole, usingurume. Nikisema moja tunalibembeleza, nikisema mbili linarudi kidogo, nikisema tatu ndiyo nguvu zote. Mmesikia?”

Wageni wakaitikia “Ndiyo!” ingawa hawakusikia kitu.

Moja, likaenda mbele kidogo. Mbili, likarudi. Maji yalikuwa kwenye mapaja. Tatu, na Land Rover ya Bwana Gulam ikapanda makuti, ikateleza, ikashika, ikatoka majini ikivuta matawi nyuma yake. Nilianguka kifudifudi nikanywa bahari nisiyopenda kuigusa. Nilipoinuka nikamwona mama na yule mama wa kizungu wamekumbatiana, wamelowa hadi vichwani, wanaruka.

Lakini ndani ya gari mama hakuniangalia. Kutoka Msimbati hadi Mikindani alikamua kanga yake na kutazama njia. Nilimaliza kuwaza jinsi nitakavyofunga vitu vyangu vya Chuno katika siku moja.

Bi Somoe alikuwa barazani kwake. Alitutazama tulivyolowa, akatazama mchanga kwenye nywele zangu.

“Mmefika salama?”

“Bibi,” nikasema, “ilikuwa mwezi pili. Nisamehe.”

Akanyanyuka. Nilidhani anakwenda ndani asinione. Kumbe amekwenda kuchukua kanga kavu, akanitupia moja begani na nyingine kwa mama. “Yaliyorudi na watu wote si makubwa,” akasema. “Kaeni, chai ipo.”

Mama hakukaa. Alikwenda dirishani akakitazama kile kifuu. “Mwenzangu,” akamwambia Bi Somoe, “hebu nieleze hiki.” Bi Somoe akamweleza yote: mwezi kuonekana, simbi moja kila asubuhi, mosi saa tano, pili saa sita kasoro robo. Mama akarudia kwa vidole vyake, akakosea, akarudia. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi natetemeka, na sikujua ni baridi au ni ile barua.

Alipomaliza akaja akasimama mbele yangu.

“Nilidhani kazi yako ni kuwatembeza watu.”

“Ndiyo, mama.”

“Kumbe ni kuwarudisha. Na kuwarudisha hujui.”

Nikainamisha kichwa. Akatoa barua kwenye kapu. Maharage yalikuwa yameiacha na vumbi. Akaichana mara mbili, kwa utulivu, kama anayechana kitambaa cha kufungia kidonda.

“Sasa utarudije nyumbani na kazi hujaijua? Watanicheka. Kaa hapa kwa huyu mwenzangu mpaka uijue.”

Nililia, sina haja ya kuwaficha. Nantanga naye alilia, ila yeye alisema ni chumvi. Siku iliyofuata tuliliosha gari lote kwa maji baridi, chini na juu, mara tatu, na Bwana Gulam akasimama juu ya ngazi akituonyesha mahali tuliporuka. Kalenda yake aliiacha ukutani, lakini alikata kipande cha boksi akakibandika juu ya tarehe za pembeni. Akaandika: KWA MAJI MWULIZE BI SOMOE.

Mambo yakabadilika baadaye, kama mnavyojua. Mtu mmoja wa bandarini akaanza kunipa nakala ya jedwali la maji, nikalipenda, nikalilinganisha na kifuu mwaka mzima, nikakuta vinaelewana kuliko nilivyotarajia. Zikaja simu za mkononi. Sasa mnabonyeza, maji haya hapa, dakika kwa dakika. Sina ugomvi na simu. Ninachowaomba ni kitu kimoja tu: simu ikisema bado, na mchanga mbele yako umeanza kulowa, amini mchanga. Nilishauona mchanga huo nikauita wimbi.

Na mkiwa na mgeni anayecheka, mwacheni acheke, lakini nyinyi simameni mkiwa mmetazama kijito.

Mama aliondoka Jumatatu, peke yake, na kapu lililojaa korosho. Bi Somoe alimpa zawadi ya kifuu kingine, kilichosuguliwa kikang'aa. Nilidhani atakifanya kata ya kuchotea maji.

Miaka kadhaa ilipita ndipo nikapata likizo ya kwenda Mbinga wakati wa Krismasi. Baada ya misa, padri wetu aliniita pembeni. Akaniambia kwamba miaka ya nyuma wanawake wa jumuiya walimletea malalamiko juu ya mama yangu. Walisema ana kifuu dirishani, kila asubuhi anatia punje moja ya kahawa na kuhesabu kwa vidole, na jioni nyingine anasimama nje ya nyumba akitafuta mwezi mchanga. Walihofu anapiga ramli. Padri akaenda kwake, akakiona kifuu, akamwuliza ni kitu gani hicho.

“Padri,” mama alimjibu, “nahesabu maji. Mwanangu yuko pwani na watu wa watu.”